Taa Ndani ya Chungu: Jinsi Ngoma Zetu za Usiku Zilivyopigwa Picha

Kamati ya kitabu hiki ilipokutana kwa mara ya kwanza, kazi tuliyoidhani nyepesi kuliko zote ilikuwa kuchagua picha. Tulikuwa na sanduku la bati lililojaa bahasha, albamu tatu zilizotafunwa pembe na mchwa, na ahadi za wanachama kwamba kila nyumba ingeleta ilicho nacho. Tulihitaji ukurasa mmoja tu wa picha za Navratri, usiku tisa ambao ukumbi wetu hujaa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, na ambao majirani zetu wa Karatu huja kutazama na mara nyingi huishia kucheza. Tulizitandaza picha juu ya mikeka, tukavaa miwani, tukaanza. Baada ya saa mbili tuliacha kuchagua tukawa tunaulizana.

Mambo mawili yalitusimamisha. La kwanza ni kwamba katika picha za garba, moja baada ya nyingine, taa haionekani. Chungu kipo mahali pake katikati ya duara, kimepambwa vizuri, lakini kimezimika kama chungu cha dukani. La pili ni kwamba wapiga dhol hawana nyuso. Kuna mashati meupe, kuna mikono, mahali pengine kuna meno ya mtu anayecheka. Zaidi ya hapo ni giza lililogandamana na ukuta. Na sisi tuliokuwapo tunajua kwamba taa ilikuwa ikiwaka, na kwamba wapiga dhol walikuwa watu wenye nyuso na majina. Makala haya ni jitihada yetu ya kueleza vilikwenda wapi.

Kwa majirani wanaokisoma kitabu hiki, tuanze na chungu chenyewe. Neno garba limetokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya tumbo la uzazi. Chungu cha udongo hutobolewa matundu, taa huwekwa ndani yake, na nuru ichomozayo matunduni ni mfano wa uhai ulio tumboni mwa mama. Wachezaji huizunguka nuru hiyo wakielekea kinyume cha mishale ya saa, wakipiga makofi, wakiinama na kuinuka. Desemba 2023 UNESCO iliiingiza garba ya Gujarat katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, katika mkutano uliofanyika Kasane, Botswana, ambao ni mji wa watalii mlangoni mwa hifadhi kama ulivyo huu wetu. Jambo hilo lilitufurahisha kuliko lilivyostahili, pengine.

Yafaa pia kukumbuka kwamba usiku wa Navratri umepangwa kwa mwezi. Sikukuu huanza mara baada ya giza la mwezi, kati ya Septemba na Oktoba, hata usiku ule wa kwanza anga huwa jeusi kabisa, na mwezi hukua pamoja na ngoma. Wahenga waliochagua tarehe hiyo hawakuwa na upungufu wa usiku wenye mbalamwezi. Pengine walitaka taa ndogo ionekane kuwa kubwa. Katika Kerala, kusini mwa India, wachezaji wa Kathakali vivyo hivyo walicheza usiku kucha mbele ya taa moja ya shaba yenye mafuta ya nazi, na rangi zile nzito za kijani na nyekundu wanazojipaka usoni zilibuniwa kwa ajili ya mwanga huo. Mtu akizitazama chini ya jua huziona zimepita kiasi. Giza, kwa ngoma za namna hii, ni sehemu ya jukwaa.

Mpiga picha, kwa upande wake, hula mwanga kama mkate. Ndiyo maana historia ya upigaji picha za ngoma katika nchi zetu inaanza mchana. Unguja ilikuwa na studio tangu karne ya 19, na mashuhuri kati ya waliozifungua alikuwa Mgoa A. C. Gomes. Kadi za posta zilizotoka katika mji ule mwanzoni mwa karne ya 20 zinaonyesha ngoma nyingi, na katika hizo tulizoziona, vivuli vya wachezaji ni vifupi na vyeusi: jua liko utosini. Sahani za kioo za wakati ule zilikuwa zito wa kupokea nuru, kwa hiyo kilichozoea kuchezwa baada ya isha kilipigwa picha saa sita mchana, wachezaji wamesimama wakisubiri amri. Kadi hizo ni hazina, lakini zinatuambia zaidi juu ya mahitaji ya kamera kuliko juu ya ngoma.

Katika studio ya Gomes ndiko alikojifunza kazi Ranchhod Oza, ambaye mwaka 1930 alifungua yake mwenyewe, Capital Art Studio, huko huko Mji Mkongwe. Mwanawe Rohit aliiendeleza. Wengi wetu wenye asili ya Gujarat tuna jamaa aliyewahi kuketi mbele ya kamera za watu wa mkono huo, Unguja, Mombasa au Dar es Salaam, na tunaufahamu ustadi wao: pazia nyuma, taa kubwa upande mmoja, uso umegeuzwa kidogo, usipepese. Ulikuwa ustadi wa mtu aliyetulia. Mafundi waliofunzwa hivyo ndio walioitwa kwenye arusi na sikukuu, na waliporudi usiku na kamera zao walikuta mambo matatu yasiyokuwamo studioni: watu hawatulii, taa ni ndogo, na hakuna wa kumwambia arudie.

Huku kwetu nyanda za juu ilikuwa taabu zaidi. Maduka ya jamii yetu yalifuata barabara na mashamba, na familia mbili tatu zilizokaa Karatu, Oldeani au Mbulu zilisherehekea kwa taa zilizokuwapo: diya za samli mbele ya madhabahu, chemli mlangoni, na karabai moja au mbili zilizotundikwa kwenye boriti, zikivuma kama nyuki. Karabai, tuseme ukweli, ilikuwa na mwanga wa kutosha kwa mtu aliye karibu nayo. Tatizo ni kwamba ukipiga hatua tano tu kutoka kwake umeingia usiku. Nani alisimama karibu na karabai? Tutalirudia swali hilo.

Jibu la ulimwengu wa kamera kwa giza lilikuwa flashi. Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walichanganya unga wa magnesiamu na kemikali nyingine ukawaka kwa mpigo mmoja. Ulitoa nuru kali, moshi mzito na majivu, na uliwaunguza wapiga picha wasio na hadhari. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikaja balbu ya kutupwa baada ya kuwaka mara moja, na mwaka 1931 Harold Edgerton wa Marekani akabuni flashi ya umeme inayoweza kurudia. Kutoka hapo flashi ilishuka bei na kupungua ukubwa mpaka ikaweza kukaa juu ya kamera ya mtu yeyote, na picha nyingi katika sanduku letu la bati ni matunda yake.

Hapa ndipo tulipompata mwizi wa taa. Flashi ina nguvu nyingi, kwa hiyo mpiga picha hulibana tundu la lenzi na kufungua kamera kwa muda mfupi ili picha isiungue kwa weupe. Taa ya mafuta haina nguvu hiyo. Katika muda huo mfupi, kupitia tundu dogo hilo, haiachi alama. Chungu kinapigwa na nuru kutoka nje, matundu yake yanaonekana kama matundu tu, na ile nuru iliyokuwa ikitoka ndani, ambayo ndiyo sababu ya watu wote kuwa pale, inafutika. Kamera haikukosea. Iliandika kwa uaminifu taa iliyoletwa na mpiga picha, ikaiacha taa ya Mama.

Flashi ina kanuni ya pili, na hii inahusu nyuso. Nuru itokayo mahali pamoja hupungua kwa haraka kuliko watu wanavyodhani. Aliye mita 4 kutoka kwenye flashi hapati nusu ya nuru ya aliye mita 2, hupata robo. Aliye mita 6 hupata sehemu 1 ya 9, na aliye mita 8 sehemu 1 ya 16. Sasa mpange watu wa ukumbi wetu kama walivyokaa zamani. Mbele, karibu na mpiga picha, ni wageni wa heshima na wazee wa kamati. Nyuma yao ni duara la akina mama na mabinti wenye sari na chaniya choli zinazometameta. Nyuma kabisa, mgongo ukutani, ni wapiga dhol. Picha zetu zinafuata utaratibu huo kama daftari la mahudhurio: wazee weupe kama chokaa, wachezaji wa kati wazuri, na ukutani giza. Hatusemi kwamba mtu alikusudia. Tunasema kwamba mpangilio wa viti na kanuni ya nuru vilishirikiana, na mwenye kulipa alikuwa yule yule kila mwaka.

Wapiga dhol hao walikuwa nani? Kwa sehemu kubwa walikuwa vijana wa hapa hapa, Wairaqw wa Karatu na vijiji vya jirani, waliofanya kazi madukani na kwenye magari ya jamii yetu. Walijifunza mapigo kwa kusikiliza, na baadhi yao, wazee wanakiri, waliyashika kuliko watoto wa nyumbani. Kulikuwa na miaka ambayo, kama si wao, garba ingechezwa kwa makofi matupu. Katika hotuba zetu tunawataja kwa jumla kama “vijana wetu waliotusaidia”. Katika picha zetu ni mashati.

Filamu nayo ilikuwa na hesabu yake. Filamu nyeusi na nyeupe zenye kasi zilipatikana mapema. Kodak ilitoa Tri-X kwa kamera ndogo mwaka 1954, na fundi mwenye lenzi nzuri angeweza kupiga ukumbini bila flashi. Lakini sikukuu ilitaka rangi, na filamu za rangi za kasi kama hiyo hazikufika sokoni mpaka karibu mwaka 1976 na 1977, wakati ambapo kwetu Tanzania kila kitu kilichotoka nje kilikuwa kikianza kuadimika. Familia iliyopata mkanda mmoja iliugawa: picha chache za siku ya kuzaliwa, chache za arusi, chache za Navratri. Hakuna aliyethubutu kuupoteza kwa majaribio ya kupiga gizani. Walibonyeza flashi, na tusingewalaumu.

Rangi zenyewe zilipimwa kwa ngozi nyeupe. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha zilirekebisha mashine zao kwa kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, ambayo mafundi waliiita Shirley kwa jina la mmoja wa wanawake hao wa mwanzo. Picha ikimtoa Shirley vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Ngozi zetu za kahawia na ngozi nyeusi za majirani hazikuwamo katika hesabu hiyo, na zilipowekwa pamoja katika fremu moja, ile nyeusi zaidi ilizama kwanza. Kodak ilianza kuboresha filamu zake, na kati ya waliolalamika na kusikilizwa wanatajwa sana watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia hazikutoka vizuri kwenye matangazo. Tumelisoma jambo hilo mara mbili kuhakikisha tumeelewa. Chokoleti ilisikilizwa kabla ya watu.

Kuna na kipimo cha nuru kilichomo ndani ya kamera. Kipimo hicho hudhani kwamba ulimwengu wote, ukiuchanganya, ni wa kijivu cha wastani. Kikikutana na sari nyeupe ishirini na taa, huamua kwamba mwanga umezidi na kuibana kamera. Walio kwenye kivuli wanazidi kuzama. Fundi anayelijua hili hukikatalia kipimo chake na kuipimia picha nzima kwa uso wa aliye gizani. Fundi asiyelijua hukiamini. Tofauti kati ya mafundi hao wawili ni kugeuza kidude kidogo kwa kidole gumba.

Tulipotafuta kama kuna wengine walioteseka hivi, tulikuta kwamba ugomvi huu ulikuwapo hata kwenye majukwaa makubwa. Huko New York katika miaka ya 1930 watu wawili waliukabili kwa njia zinazopingana. Barbara Morgan, aliyempiga picha mcheza dansi Martha Graham, aliamua kutokwenda kwenye onyesho. Aliwaleta wachezaji studioni, akapanga taa zake mwenyewe, akawaomba warudie kipande kimoja mpaka mwili na nuru vikakutana. Kitabu chake cha mwaka 1941 kina picha zilizo wazi kama kioo. Alexey Brodovitch alifanya kinyume. Kati ya mwaka 1935 na 1937 alikaa pembeni mwa jukwaa wakati makundi ya bale ya mtindo wa Kirusi yakicheza, na kamera ndogo, bila flashi, akaacha taa ziungue na miili itande kama moshi. Kitabu chake, Ballet, kilitoka mwaka 1945 kwa nakala 500 hivi na picha 104. Kwa vipimo vya fundi wa studio, hizo ni picha zilizoharibika. Lakini anayezitazama anajua kwamba watu walikuwa wakicheza, na kwamba ilikuwa usiku.

Baina yetu kamati haikukubaliana juu ya nani alikuwa na haki. Waliokuwa na binti aliyejifunza Bharatanatyam walimtetea Morgan: mkao wa vidole una maana yake, na kidole kilichotanda kama moshi hakisemi neno. Tunaona hoja hiyo ina nguvu kwa ngoma ya mchezaji mmoja. Kwa garba hatuioni. Garba haina mkao wa kushikwa. Ina mzunguko, na mzunguko ukigandishwa hubaki kundi la watu wenye mguu mmoja juu.

Tusijifanye kwamba jambo hili ni letu peke yetu. Yeyote aliyefanya kazi ya kuwapeleka wageni Ngorongoro, na wengi wa wanachama wetu wamefanya, amewaona Wamasai wakicheza kwa ajili ya kamera. Mchana, kwenye boma la utalii, vijana huruka adumu chini ya jua kali, kama katika zile kadi za Unguja. Usiku, kwenye ukumbi wa chakula wa hoteli iliyo ukingoni mwa kreta, mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, ukungu umefunika madirisha na taa zimepunguzwa ili wageni wale kwa utulivu, huingia tena kundi lile lile au jingine. Tumewahi kuketi pale. Sauti za kiitikio zinaanza chini kabisa kifuani, moran wa kwanza anaruka, na hapo hapo simu thelathini zinatoa radi zake. Nyuso hazipo tena; kuna shuka jekundu lililoganda hewani na ukuta mweupe nyuma yake. Mmoja wa vijana alifunga macho katika kila mruko. Tulipomuuliza baadaye kama ni desturi, alicheka akasema hapana, ni ile mianga, ukitua huoni mguu wa mwenzako ulipo.

Maneno ya kijana huyo yalitukumbusha bibi mmoja wa hekalu letu, ambaye kila mwaka wakati wa aarti alisimama na kiganja chake mbele ya macho, akinung’unika kwa Kigujarati. Tulidhani ni uzee. Alikuwa akisema kwamba amekuja kuiona taa, na kila akikaribia kuiona mtu anampofusha.

Na upande wa pili wa wilaya yetu, ukishuka kutoka Karatu kwenda Mang’ola na ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe, ambao wana ngoma isiyotaka nuru kabisa. Inaitwa epeme. Huchezwa usiku usio na mwezi, na mioto ya kambi huzimwa kwanza. Wanaume hucheza mmoja baada ya mwingine, na manyoya ya mbuni kichwani, njuga mguuni na kayamba ya kibuyu mkononi. Wanawake huitikia kwa kuimba. Wanaanthropolojia waliokaa nao, tangu James Woodburn aliyefika huko mwishoni mwa miaka ya 1950, wameieleza kuwa ni miongoni mwa mambo matakatifu zaidi waliyonayo, ngoma inayorudisha amani baina ya watu. Wageni wanaopelekwa Eyasi asubuhi kuwapiga picha Wahadzabe wakiwinda hawaioni epeme, na hawapaswi kuiona.

Tunaitaja kwa sababu kamera za leo zingeweza. Mwaka 2007 Nikon ilitoa kamera, D3, iliyoweza kusukumwa hadi kasi ya ISO 25,600, mara 64 ya ile Tri-X ya ISO 400 iliyokuwa fahari ya mafundi wa zamani. Tangu hapo mbio hazijasimama, na simu ya mfukoni sasa huunganisha picha kadhaa kwa nukta moja na kuufanya usiku uwe kama alasiri. Giza halimlindi tena asiyetaka kupigwa picha. Linalobaki ni kuombwa ruhusa na kukataa. Fikirini kwamba usiku ule ule wa giza la mwezi ambao kesho yake tunaweka chungu chetu, huenda katika wilaya hii hii jirani zetu wamezima mioto yao. Hatujui jirani mwingine mwenye kalenda iliyo karibu zaidi na yetu.

Kwa ukumbi wetu, kamera hizi mpya zimeleta neema na kero kwa pamoja. Neema ni kwamba sasa taa ndani ya chungu inaweza kupigwa bila kuletewa mshindani. Lenzi ya kawaida iliyofunguliwa wazi, kamera iachwe kwa sehemu 1 ya 60 ya sekunde, kipimo kielekezwe kwenye uso na si kwenye sari, na mpiga picha angoje ule wakati ambao duara linainama kabla ya kuinuka, kwa maana hapo mwili hutulia kidogo sana na nyuso zote zinaikaribia taa. Kijana wetu mmoja anayewapiga picha chui huko kreta ndiye aliyetueleza habari ya kungoja. Asema chui na mama anayecheza garba wote wana wakati wa kutulia, na asiyeujua atarudi na mikia tu. Kero ni wapiga video wa kukodi, ambao huja na taa za LED nyeupe kama za chumba cha upasuaji, na kuziwasha bila kuuliza. Mwaka mmoja chungu kilikuwa na taa ndani na hakuna aliyetambua ilipozimika.

Baada ya mwaka huo kamati iliweka utaratibu, si bila maneno makali. Hakuna flashi wakati wa aarti wala katika usiku wa kwanza. Taa za video zinakaa nje kwenye ua, pale panapopigwa picha za familia. Na balbu moja ya rangi ya joto imetundikwa juu ya mahali wanapoketi wapiga dhol. Balbu hiyo ilizua mjadala kuliko yote mengine. Wapo waliosema inapunguza utukufu wa chungu, na walikuwa na haki kidogo. Tuliishusha nguvu mara mbili. Bado ipo.

Imebaki habari ya picha iliyo katika ukurasa wa kati wa kitabu hiki. Baada ya Azimio la Arusha, na hasa baada ya majengo ya kupangisha kutaifishwa mwaka 1971, familia nyingi za jamii yetu ziliondoka nchini, zikaenda Uingereza, Kanada na kwingineko. Katika mizigo yao zilikuwamo albamu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya historia ya ukumbi huu inalala kwenye makabati ya Leicester na Toronto, na tulipotangaza maadhimisho haya zilianza kurudi kwa njia ya simu, moja moja, zimepigwa picha upya juu ya meza za jikoni.

Nyingi ni za flashi, kama zetu. Moja si ya flashi. Aliyeituma aliomba radhi: marehemu baba yake aliipiga usiku ambao betri za flashi zilikuwa zimekwisha, na mama yake alitaka kuitupa. Wachezaji wametanda, hakuna hata mmoja anayetambulika isipokuwa kwa pindo la sari. Katikati ya mtando huo kuna vitone saba vya nuru, vimetulia kabisa, navyo ni matundu ya chungu. Na upande wa kulia, pale ambapo picha zetu nyingine zote zina giza, karabai imetundikwa chini chini kwenye nguzo, na kando yake kijana ameinama juu ya jiko la mkaa akiipasha moto ngozi ya dhol iliyolegezwa na baridi ya Karatu. Hakuwa akicheza, kwa hiyo hakutanda. Uso wake wote umo kwenye nuru ya karabai. Anatabasamu kwa jambo ambalo halimo katika picha.

Tuliichapa kubwa, tukaipeleka kwa wazee wa mtaa wa nyuma ya soko. Nyumba ya kwanza hawakumjua. Nyumba ya tatu mama mmoja wa Kiiraqw aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza dirishani, akamwita mwanawe aje haraka amwone mjomba wake. Nyumbani kwao hawakuwa na picha yake hata moja. Nakala aliyoishika tulimwachia, na jina la ndugu yake, alivyolitaja yeye na kwa tahajia aliyoithibitisha mwanawe, limechapwa chini ya picha.